Rivyu ya Mwanihana: siku tatu ndani ya msitu wa Udzungwa, pamoja na mipango yake yote

Naanza na jibu kwa asiye na muda wa kusoma yote: njia ya Mwanihana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu niliyoikata haihusu msitu hata kidogo. Inahusu taabu ya kupata taarifa kabla hujafika, maana ukiwa Dar au Morogoro mjini kumpata mtu wa kukueleza kitu cha uhakika kuhusu njia ndefu za kule ni kazi kwelikweli. Kila unayemuuliza atakuambia Sanje. Na Sanje ni pazuri sana sikatai, maporomoko yanashuka karibu mita 170, unapanda asubuhi, unaoga, unashuka, jioni umewahi basi. Ila ukiishia hapo umeuona ukingo tu wa msitu, na watu wengi wanarudi mjini wakidhani wameimaliza Udzungwa.

Kwa wasioijua, Mwanihana ni kilele chenye mita 2,150, na njia ya kukifikia kwenda na kurudi ni kilomita 38 ambazo hifadhi imezipangia siku tatu, yani mnalala porini usiku mbili. Ukisikia kilomita 38 kwa siku tatu unaona ndogo, na kweli barabarani ni ndogo, ila humu unaanzia chini kabisa ambako joto ni la bonde la Kilombero na miwa inaonekana hadi upeo wa macho, alafu unapanda, unapanda, unapanda, juu ya mizizi na majani yaliyooza na mawe yenye utelezi, na njia yenyewe kuna sehemu haionekani mpaka anayekuongoza akuoneshe. Uzuri wa upande huu wa mashariki ni kwamba msitu haukatiki, unaanza kwenye mita kama 250 hivi na kuendelea mpaka juu ya 2,000 bila kupita shamba la mtu wala nyika, na sehemu ya namna hiyo Afrika Mashariki hii huipati kirahisi. Mwilini unaisikia vizuri. Asubuhi ya kwanza shati limelowa jasho, jioni ya pili unatafuta sweta.

Sasa tuje kwenye mipango, maana hapa ndipo safari inapoharibikia au kunyookea.

Mimi nilianza na wakala mmoja wa mjini, simtaji jina. Alinipa bei moja ya jumla, nzuri, imeandikwa "kila kitu", na nilipomuomba anichambulie hiyo kila kitu ni nini, kiingilio shilingi ngapi, kulala ngapi, askari ngapi, wapagazi wangapi na wanalipwa kiasi gani, akaanza kuzunguka. Siku nyingine akasema wapagazi hawamo. Mara hema hamna ila godoro lipo. Nikamwachia. Nikapiga moja kwa moja ofisi ya hifadhi pale Mang'ula na ndani ya simu moja nikapata nilichokuwa nahangaikia muda wote ule: njia iko wazi au imefungwa, kambi ya kwanza ina maji au haina, askari anapatikana tarehe zipi, wapagazi wanatoka kijiji gani na nani anawaratibu. Kwa hiyo ushauri wangu namba moja ni huo, hata kama mwisho wa siku utatumia kampuni, piga kwanza hifadhini mwenyewe, ili kampuni ikikuletea mahesabu ujue unachokisoma. Kampuni nzuri haikasiriki ukiuliza mchanganuo. Na mjue malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti mkononi, unapewa kontroli namba unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo salio liwe limekaa tayari kwenye simu kabla hamjaondoka, msifike getini ndio mnaanza kuhangaika na mtandao na foleni ya wakala huku jua linapanda. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti kabisa, mkiwa kundi la mchanganyiko kila mtu abebe kitambulisho chake.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mabasi ya Ifakara yanapita palepale Mang'ula, unakata kushoto Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unashuka na barabara kama kilomita 60 hivi, Kidatu, mashamba ya miwa, alafu mlima unakusimamia upande wa kulia kama ukuta. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo chini ya mlima. Fikeni siku moja kabla. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanataka kutoka Dar usiku wa manane wafike saa nne waanze kupanda, na ile saa nne ndio joto la chini linaanza kuwa kali, mnapanda sehemu mbaya kuliko zote mkiwa na usingizi na miguu imevimba na gari. Lala Mang'ula, kula vizuri, kunywa maji mengi, asubuhi saa kumi na mbili muwe mmeshavaa viatu.

Msimu: Juni mpaka Oktoba. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia hapa Udzungwa, na inakinga upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, ndio maana mvua upande huu wa mashariki ni nyingi kuliko bondeni. Machi mpaka Mei msijaribu. Shida siyo kulowa tu, shida ni vijito. Kijito ulichokivuka asubuhi maji yakiwa chini ya goti, ikinyesha juu mchana, jioni hukivuki, na wewe umesimama pale jua linawaka huelewi maji yametoka wapi. Hata kiangazi bebeni koti la mvua, kuna ukungu wa alfajiri kule juu unalowesha kuliko manyunyu. Nguo za kulalia zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, ule mgumu wa turubai wenye kufungwa mdomoni, maana rambo tulizokuwa tunafungia nguo zamani zimepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na hifadhini ndio kabisa usionekane nazo.

Jambo ambalo naona lilifanya safari yetu iwe nzuri lilitokea jioni kabla ya kuondoka. Mwongozaji wetu, kijana mpole sana wa pale pale, alikuja tulipofikia, akatandika mkeka uani akasema "naomba kila mtu amwage begi lake hapa." Tukatazamana. Akasubiri. Tukamwaga. Akapita kwa mmoja mmoja, amechuchumaa, anashika kitu anauliza "hii kazi yake nini dada?" Jinzi zilitoka, zote. Jinzi ikilowa msituni haikauki mpaka urudi nyumbani. Spika ikatoka. Chupa ya glasi ya pilipili ikatoka, pilipili ikahamishiwa kwenye kikopo. Taulo kubwa likatoka likabaki la mkono. Kuna mwenzetu alikuwa na manukato, mwongozaji akayanusa akacheka kidogo akayarudisha kwenye rundo la vinavyobaki, "nyuki watakupenda mno." Alafu akaanza kuuliza vilivyokosekana: tochi ya kichwa na betri za akiba, soksi ndefu za kuingizia suruali, dawa zako binafsi, filimbi. Mwisho akanyanyua kila begi kwa mkono mmoja akalining'iniza kidogo hewani. Hakuwa na mzani. Mawili akayarudisha, "bado." Naomba kila atakayekwenda amuombe mwongozaji wake afanye hivyo hivyo, na kama hataki kufanya basi fanyeni wenyewe, maana kila kilo unayoiona ndogo sebuleni utakutana nayo kwenye ule mpando wa mchana wa kwanza.

Na hapo niongelee wapagazi, hili linanigusa. Mnabebewa hema, chakula, jiko, mtungi, na watu ambao wengi wao ni vijana wa vijiji vya chini ya mlima, wengine watu wazima kabisa tulikuwa tunawapa shikamoo. Kwenye mipango ulizeni mambo mawili tu: wanalala wapi, wanakula nini. Kuna safari zinaendeshwa mgeni ana hema zuri na mpagazi anajikunja chini ya turubai na nguo aliyojia nayo, na kule juu usiku ni baridi, siyo utani. Sisi tuliweka hema la wapagazi kwenye bajeti tangu mwanzo na chakula chungu kimoja, wanachokula wao ndicho tunachokula sisi. Malipo tukayapanga na mratibu wao kabla, kila mtu anajua chake ni kiasi gani, na asante tukampa kila mmoja mkononi mwake siku ya kushuka, siyo kumkabidhi mtu mmoja aende akagawe. Mkiona gharama imepanda kidogo kwa sababu hiyo, punguzeni kitu kingine.

Chakula msijisumbue sana. Mchele, maharage yaliyochemshwa kabisa nyumbani siku moja kabla (maharage mabichi yanamaliza gesi), dagaa wakavu, vitunguu, nyanya za siku ya kwanza tu, unga wa uji, karanga, tende, chapati za siku ya kwanza. Sukari na chumvi msisahau, mkitoka jasho lile mtazitafuta. Kupikia tumieni gesi. Wanakijiji wa maeneo haya walikuwa wanaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu, na tangu 2011 hifadhi imesitisha kabisa, kwa hiyo mama wa kijijini haruhusiwi kuokota kijiti alafu mimi mgeni wa siku tatu niwashe moto mkubwa wa kupigia picha? Hapana. Kwa kweli hilo halikuniingia akilini na nafurahi kundi letu zima lilikubali.

Haya, msituni. Bila askari mwenye silaha hamruhusiwi kuingia njia hii, na ukifika utaelewa, kwa sababu njia yenyewe sehemu kubwa ni njia ya tembo. Watu wanadhani tembo ni wa mbugani tambarare, sasa kule unakuta mavi mabichi ya tembo kwenye mteremko ambao wewe umeushika kwa mikono miwili, unajiuliza huyu mnyama amepitaje hapa na tani zake zote. Askari wetu anatembea mbele, hasemi sana, kila baada ya muda anasimama anainua mkono, na wote tunasimama na kunyamaza, anasikiliza, anashusha mkono, tunaendelea. Mara moja hakushusha. Alikaa vile muda mrefu kidogo, alafu tukasikia tawi linavunjika chini upande wa kushoto, zito, alafu jingine. Akatugeuza kwa ishara tukapandia juu kuzunguka, taratibu, hakuna aliyeambiwa akimbie na hakuna aliyekimbia. Hatukumuona tembo. Wengine walisikitika, mimi sikusikitika, kule mnaonana uso kwa uso kwa hatua chache na msitu umefunga, afadhali tu tupishane hivyo hivyo.

Na hapa niwe mkweli kwa wanaotoka Mikumi au Serengeti: hapa huji kuona wanyama wengi. Ukija na hesabu hiyo utaandika rivyu ya nyota mbili na utakuwa unauonea msitu. Wanyama wa hapa unawasikia kwanza. Mbega wekundu wa Udzungwa tuliwaona wengi sana, wale hawapatikani popote duniani nje ya milima hii na maeneo ya jirani, wanaruka toka mti huu kwenda ule na kamchirizi kekundu kichwani, na mbega weusi, na kima. Ila mwenyeji halisi wa hapa ni ng'olaga, wazungu wanamwita mangabey wa Sanje, na habari yake naipenda. Mpaka 1979 sayansi haikumjua kabisa, watafiti wakiwa ndani ya msitu huu huu wa Mwanihana wakasikia mlio ambao hawajawahi kuusikia, na mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia ni nani anayelia, kwa jina lake. Watu wa hapa walikuwa wanamjua siku zote. Sisi tulimsikia alfajiri ya kambi ya kwanza, mlio unapandisha kwa nguvu alafu unaishia kama mtu anasukutua koo, na ukiusikia mara moja hutausahau. Wanapenda kushuka chini kuokota mbegu kavu, meno yao yanapasua mbegu ngumu sana, kwa hiyo ukiwa umekaa kimya unaanza kusikia ko, ko, ko kwenye majani kabla hujaona kitu. Askari alituonesha maganda waliyoyaacha, bado yana unyevu pembeni, ndani meupe. Kama unataka kuwaona kwa uhakika zaidi kuna kundi lililozoeshwa watu chini huku, uliza ofisini, iwe shughuli ya siku ile unayofika Mang'ula kabla ya kupanda. Naona ndiyo matumizi bora ya siku hiyo.

Ndege sijui vizuri siwezi kuwadanganya, ila usiku wakati wali unaiva mwongozaji alitupigia stori ya kwale wa Udzungwa, na baadaye nilithibitisha ni ya kweli: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini kwenye milima hii waliona miguu ya ndege isiyofanana na ya ndege wanayemfahamu, iko ndani ya sufuria ya mboga. Ndivyo alivyogundulika. Mwaka uliofuata, 1992, hifadhi ikaanzishwa rasmi, kilomita za mraba 1,990. Na bado vitu vinaendelea kutoka, sange mkubwa wa uso wa kijivu, kale kamnyama kenye pua ndefu, aliandikwa kwenye vitabu vya sayansi 2008 tu, na yule nyani kipunji ambaye alitangazwa 2005. Ila kipunji msimtafute Mwanihana, huku yuko Ndundulu upande wa magharibi, ni safari nyingine kabisa yenye kibali kingine, na nimekutana na mtu aliyeuziwa Mwanihana kwa kuahidiwa kipunji. Huo ni uongo, mtu akikuambia hivyo achana naye.

Kilele sitakiongelea sana. Ukungu ulikuwa umefunga, ukafunguka kidogo, tukaona bonde la Kilombero chini huko na miwa na mto, ukafunga tena. Juu miti inakuwa mifupi na imevaa ndevu za kijani, upepo baridi, mnapiga picha mnashuka. Kama lengo lako ni picha ya kileleni kuna milima mingine mizuri zaidi kwa kazi hiyo, thamani ya hii njia yote iko kwenye kupita madaraja ya msitu, ule wa chini wenye miti mirefu ambayo shingo inauma kuiangalia, ule wa kati wenye giza saa saba mchana, na huu wa juu.

Kushuka ndiko kugumu. Watu wanajiandaa kwa kupanda, wanapandisha ngazi za ghorofa wiki nzima, kumbe magoti yanaumia siku ya tatu. Kata kucha za miguu fupi kabla ya safari, fundo la kiatu kaza sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele, na ukate fimbo, yani uombe mwongozaji akuchagulie tawi lililokwisha kudondoka, usikate mti. Viatu viwe umeshavivaa muda, vyenye meno chini. Nilimuona mpagazi anashuka na yeboyebo na mzigo kichwani bila kuteleza hata mara moja, wewe usijaribu.

Afya na usalama kwa haraka ila msipuuze. Bonde la Kilombero lina malaria, siyo bahati mbaya kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa malaria iko Ifakara hapo jirani, kwa hiyo anayetoka sehemu isiyo na malaria aongee na daktari wake mapema kuhusu dawa za kinga, na wote mlale ndani ya hema lililofungwa zipu na mjipake dawa ya mbu jioni mkiwa chini. Maji ya vijito yanaonekana safi kabisa ila chemsheni au wekeni vidonge, tembo naye anayatumia. Siafu wapo, ukiona mstari ruka usisimame kuangalia. Usiweke mkono nyuma ya gogo usilolichungulia, kifutu anafanana na majani makavu kiasi kwamba askari alituonesha kwa kidole na bado tukachelewa kumuona. Na mtandao wa simu sehemu kubwa hakuna. Kabla ya kupanda ulizeni swali hili waziwazi: mtu akivunjika mguu siku ya pili, nini kinafanyika? Jibu tulilopewa ni kwamba anabebwa kwa machela na wapagazi mpaka chini, redio ya askari inaita gari, hospitali kubwa iko Ifakara. Yani ni masaa mengi sana. Jibu hilo halikututisha ila lilibadilisha jinsi tulivyokuwa tunakanyaga, na mwenzetu mmoja mwenye goti bovu akaamua mwenyewe kubaki chini akafanya Sanje na kundi la ng'olaga, akafurahi vizuri tu.

Mapungufu, ili nyota zangu ziwe za haki. Kambi za juu hazina huduma, choo ni cha kuchimba na mkiwa kundi kubwa inakuwa changamoto, bebeni kijembe kidogo na mchimbe mbali na maji. Kuna miti imeanguka juu ya njia na inaonekana imekaa muda mrefu bila kuondolewa, mnazunguka kwenye miiba. Na zile taarifa, narudia, hifadhi yenye njia nzuri namna hii ingekuwa na karatasi moja tu ya Kiswahili inayoeleza njia zote ndefu, umbali, maji yako wapi, vifaa gani, msimu gani, Watanzania wengi wangekuja. Tuliokutana nao njiani walikuwa wageni kutoka nje peke yao. Iliniuma kidogo, maana kwa kiingilio cha mwenyeji na kupanga kama kundi la watu watano au sita mnaochangia askari na wapagazi, gharama yake inabebeka kabisa kwa watu wenye mshahara wa kawaida wakijiwekea akiba kidogo kidogo.

Ambao nisingewashauri: mwenye presha au moyo ambaye hajaongea na daktari, watoto wadogo, na mtu asiyeweza kukaa bila simu. Wengine wote inawezekana, hatukuwa wanariadha, mkubwa wetu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu na ndiye aliyetembea kwa mwendo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho.

Kwa walioshapanda Mwanihana na wanataka zaidi, kuna Lumemo, kilomita 65 za kuufuata mto kwa siku tano, na ndiyo tunayoipanga sasa hivi kwa kiangazi kijacho. Nilipouliza ofisini nikaambiwa niulize tena mwezi mmoja kabla kwa sababu hali ya mto ndiyo inaamua, na kwamba idadi ya wapagazi inaongezeka kwa kuwa chakula ni kingi zaidi na hakuna pa kuongezea njiani. Kama kuna mtu ameipita miaka ya karibuni naomba aandike hapo chini vivuko vikoje na kambi ya tatu ina maji au mnayabeba kutoka ya pili, hilo tu ndilo bado linanisumbua kwenye mahesabu yangu ya mizigo.